Chembe nyeupe za binti yangu ziko juu. Je, ndizo zinazomziba mishipa?

*"Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka 7 mwenye selimundu. Kila tukienda kliniki FBP yake, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, inaonyesha chembe nyeupe ziko juu, wakati mwingine 16, wakati mwingine 18, hata siku ambazo hana homa wala maumivu. Kwenye duka la dawa waliniambia ni maambukizi sugu. Mwaka huu nimemnunulia antibayotiki mara tatu na namba haishuki. Juzi mdogo wangu anayesoma chuo alinionyesha video iliyopigwa kwa hadubini ndani ya panya aliye hai: chembe nyeupe zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinanata, halafu zinapenya na kutoka nje. Akasema wanasayansi wamegundua hizo ndizo zinazoziba mishipa ya watu wenye selimundu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, mishipa ya mwanangu inavuja? Hizo chembe ni adui? Kuna namna ya kuzipunguza? Na je, kuna hospitali inayoweza kumtazama yeye kwa hadubini hiyo, tujue ndani kukoje?"*

Marahaba, mama, na pole kwa kukesha. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani ya maswali yako kuna jambo linalowachanganya hata wanafunzi wa udaktari. Chembe nyeupe kutoka nje ya mshipa ni habari moja. Chembe nyeupe kunata ndani ya mshipa na kubaki humo ni habari nyingine. Video uliyoonyeshwa ilikuwa ya habari ya kwanza. Alichokueleza mdogo wako kuhusu selimundu ni habari ya pili. Zote ni za kweli na zote zilionekana kwa hadubini za aina hiyo. Ukizichanganya ndipo inapozaliwa hofu uliyo nayo.

Mawili ya haraka kabla sijaendelea. Acha kununua antibayotiki kwa sababu ya namba ya FBP. Na binti akipata homa, hapo usisubiri chochote, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sababu za yote mawili zinakuja.

Tuanze na hiyo namba. Ukiona 16, maana yake ni chembe nyeupe 16,000 katika kitone cha damu chenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba. Mtoto wa umri wake asiye na selimundu huwa kati ya 5 na 14 hivi. Mwenye selimundu, akiwa mzima, anaenda shule na anacheza na wenzake, mara nyingi utamkuta kati ya 10 na 20. Kwa hiyo 16 ya binti yako, siku ambayo hana dalili yoyote, ndiyo hali yake ya kila siku. Chembe nyekundu zenye umbo la mundu hazidumu. Zinapasuka kila siku, na vinavyomwagika kutoka ndani yake vinauchokoza mwili ukae kama unaopambana na kitu. Uboho nao unafanya kazi ya ziada kufidia zilizopotea, na ukichapa kazi hivyo unatoa na chembe nyeupe nyingi. Bandama, ambayo kwa watoto wengi wenye selimundu huwa imeshachoka tangu wakiwa wadogo, haizipunguzi kama inavyotakiwa.

Kuna na la mashine. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu hutoa chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini, na baadhi ya mashine huzihesabu hizo kama chembe nyeupe. Nimeona FBP iliyosoma 24 ikashuka hadi 17 baada ya mtaalamu wa maabara kupaka damu kwenye kioo na kuhesabu kwa macho yake. Hata kilio kina nafasi yake. Mtoto aliyepigana na nesi kabla ya kuchomwa sindano anaweza kupandisha chembe nyeupe kwa dakika chache tu, bila mdudu wala ugonjwa mpya.

Zinatoka wapi kwa dakika chache? Hapa ndipo hadubini inapoanza kutusaidia. FBP inahesabu chembe zinazopita katikati ya mkondo. Ni kama mtu aliyesimama barabarani kuhesabu daladala zinazopita: hesabu yake inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini haimwambii ni ngapi zimeegeshwa kando. Ndani ya mishipa ya damu, karibu nusu ya neutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazowahi kufika kwenye jeraha, zimeegeshwa kwenye kingo za mishipa midogo wakati wowote ule. Mtoto akilia, akikimbia au akipewa dawa ya steroidi, zilizoegeshwa zinarudi barabarani na namba inapanda. Hakuna hata moja iliyozaliwa upya. Zimehama tu.

Mambo ya kingo hayaonekani kwenye damu iliyokwisha kuvutwa na kutiwa kwenye chupa. Lazima uutazame mshipa damu ikiwa inatembea. Mwaka 1846 Augustus Waller aliutandaza ulimi wa chura chini ya hadubini na kuona chembe zikitoka kwenye vishipa. Mwaka 1867 Julius Cohnheim, kijana aliyekuwa akifanya kazi Berlin kwa Rudolf Virchow, alilirudia jambo hilo kwa makini zaidi. Wakati huo Virchow, mwalimu wake na mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika fani hiyo, alifundisha kwamba usaha unazaliwa palepale kwenye nyama iliyoumia. Cohnheim alimtazama chura hai saa baada ya saa, akaziona chembe nyeupe zikijipanga kwenye ukuta wa mshipa, zikachomoza upande wa nje kama kitufe, kitufe kikakua, na mwishowe chembe nzima ikawa nje. Kwa hiyo usaha ulitoka kwenye damu. Nalipenda sana tukio hilo. Mabishano ya vitabu yalimalizwa na mtu aliyekaa chini na kutazama.

Hadubini za leo zinafanya kazi ileile. Panya anapewa dawa ya usingizi, anawekwa juu ya kitanda chenye joto, kisha msuli mmoja mwembamba kama karatasi, mara nyingi ule wa korodani, unatandazwa ukiwa bado umeungana na mwili na damu inapita. Taa inapita katikati yake. Kama chembe za video yako ziling'aa kijani, rangi hiyo ina asili yake kwa konyeza, yule kiumbe wa baharini anayewasha. Osamu Shimomura aliitenga protini yake inayong'aa mwaka 1962, na baadaye wanasayansi wakapata njia ya kuzalisha panya ambao chembe zao nyeupe huitengeneza zenyewe. Na kwa kutazama ndani zaidi kuliko msuli mwembamba, kuna hadubini ya fotoni mbili iliyotangazwa mwaka 1990 na Winfried Denk na wenzake. Inatumia mwanga mwekundu usioonekana kwa macho, ambao unazama ndani ya nyama bila kuichoma sana.

Mara ya kwanza nilipoketi mbele ya hadubini ya namna hiyo, kilichonishangaza ni tofauti ya mwendo. Chembe nyekundu huwezi kuziona moja moja; ni ukungu unaokimbia, mto wa mvua za masika. Pembeni mwa mto huo kuna vijipira vinavyong'aa kidogo, vinabingirika taratibu kana kwamba havihusiki na mkondo. Kimoja kinasita. Kinabingirika tena. Kinasimama. Damu inakipiga kwa nguvu na hakiondoki. Baada ya muda kinaanza kujitandaza, kinakuwa bapa, kinatambaa kando kando kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Kila hatua ina kamba yake. Kubingirika kunatokana na protini zinazoitwa selektini, ambazo zinashika na kuachia upesi, zinashika na kuachia. Mojawapo, selektini P, imehifadhiwa tayari ndani ya seli bapa zilizotandika upande wa ndani wa mshipa. Mahali pakiumia inaletwa juu kwa dakika chache. Nyingine, selektini E, inatengenezwa upya, kwa hiyo inachukua saa kadhaa. Chembe inapobingirika hivyo inapokea ishara za kemikali zilizobandikwa ukutani, na ishara hizo zinaziamsha protini za kundi jingine, integrini, ambazo haziachii ovyo. Hapo ndipo inaponata. Kisha inatafuta mwanya, mara nyingi pale seli mbili za ukuta zinapokutana, na kujipenyeza. Kiini chake kina vipande vipande, ndiyo maana inaweza kujibana mahali ambapo seli nyingine isingepita.

Video yako karibu hakika iliharakishwa. Kupenya kunachukua dakika kadhaa, na utando ulio nyuma ya seli hizo unaweza kuichelewesha zaidi. Ukiona chembe inaruka nje kwa sekunde mbili, hizo ni sekunde za mhariri wa video.

Sasa swali lako la kuvuja. Hapana, mama. Chembe nyeupe inapopita, seli za ukuta zinaikumbatia na kuachana kidogo, na ikishapita zinafungana nyuma yake. Chembe nyekundu zinazopita kwa maelfu palepale hazifuati. Ni kweli kwamba mahali palipowaka panaweza pia kupitisha majimaji, ndiyo uvimbe tunaouona, lakini huo ni mlango mwingine wenye funguo zake. Kutoka kwa chembe nyeupe ni kazi zilizoumbwa kuifanya, na zinaifanya mwilini mwako pia, sasa hivi unaposoma.

Tena kutoka kwake ni jambo la kuombea. Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro kwenye jini la integrini, ile kamba ya kunata. Chembe zao nyeupe zinabingirika vizuri lakini haziwezi kusimama, kwa hiyo haziwezi kutoka. Unajua FBP yao inasomaje? Juu sana, juu kuliko ya binti yako, kwa sababu chembe zote zimekwama barabarani. Kitovu chao kinachelewa kudondoka kwa majuma, vidonda havipati usaha, na maambukizi madogo yanawashinda. Chembe nyingi kwenye kipimo na ulinzi mdogo kwenye nyama. Ndiyo maana nikiulizwa kama chembe nyeupe ni adui, huuliza kwanza ziko wapi na zinafanya nini.

Tuje kwenye selimundu, ambako mdogo wako ana ukweli wake. Kwa miaka mingi tulifundishwa hadithi rahisi: chembe nyekundu inakosa oksijeni, inajikunja kuwa mundu, inafika kwenye kapilari, vile vishipa vyembamba kuliko vyote, na kukwama kama sofa kubwa mlangoni. Haikuwa uongo, lakini kulikuwa na kitu kilichokosekana. Himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ikiwa na kasoro haijikunji papo hapo ikikosa oksijeni. Inahitaji muda kidogo ndipo iungane kuwa nyuzi ngumu. Damu ikienda mwendo wake wa kawaida, chembe nyingi huwa zimeshapita kwenye njia nyembamba na kurudi kuchukua oksijeni kabla muda huo haujaisha. Sasa ni nani anayezichelewesha?

Mwaka 2002 kundi la Paul Frenette huko New York lilichukua panya waliopewa jini la selimundu ya binadamu, wakawachokoza kwa kemikali ambayo mwili huitoa unapopambana na maambukizi, na kuwatazama chini ya hadubini. Chembe nyeupe zilinata kwenye venuli, yaani vile vishipa ambavyo damu huingia baada ya kutoka kwenye kapilari, mahali ambapo njia imeshaanza kupanuka. Zikabaki pale. Kisha chembe nyekundu zilizopita zikaanza kuzishika zile nyeupe: moja, mbili, tano. Mkondo ukapungua, zilizokuwa nyuma zikapata ule muda zinaouhitaji ili zijikunje, na foleni ikafunga njia. Panya wa selimundu waliozalishwa bila selektini P na E, ile kamba ya kwanza, waliepuka kuziba huko.

Linganisha sasa na video yako. Ile chembe uliyoiona ikipenya na kutoka ilikuwa inaondoka njiani. Inayoziba ni ile iliyonata ikabaki ndani. Kwa hiyo kilichokunyima usingizi, chembe kutoka nje, ndicho kisichoziba kitu.

Hesabu nayo ina uzito wake, sitaki nikufiche. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba wagonjwa wakubwa wenye chembe nyeupe zaidi ya 15,000 wakiwa hawana tatizo la ghafla walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Hiyo haina maana binti yako ana hukumu mkononi. Maana yake ni kwamba namba kama yake inampa daktari sababu ya kuzungumza nawe, bila kungoja mwaka ujao, kuhusu tiba ninayoitaja hapo chini.

Lakini panya ni panya. Kuutandaza tu ule msuli kunatosha kuileta juu selektini P, kwa hiyo sehemu ya kubingirika tunakokuona inatokana na kisu chetu wenyewe. Tunatazama msuli, wakati binti yako maumivu yake mengi yako kwenye mifupa, ndani ya uboho, ambako hakuna taa inayofika kirahisi. Na kuna somo la dawa moja ambalo kila anayevutiwa na video hizi anapaswa kulijua. Krizanlizumabu ni kingamwili inayofunika selektini P. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, waliopewa dozi kubwa walipata wastani wa vipindi 1.63 vya maumivu makali kwa mwaka, dhidi ya 2.98 kwa waliopewa dawa bandia. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019, na sote tulifurahi. Kisha yakaja majaribio makubwa zaidi, na humo dawa haikuishinda ile bandia. Ulaya iliondoa kibali chake mwaka 2023. Dawa nyingine iliyolenga selektini, rivipanseli, ilikwama mwaka 2019 kwenye majaribio ya mwisho. Hadubini ilionyesha kweli kabisa, lakini mwili wa binadamu una njia nyingi za kufika palepale. Ukisikia mtu anakuuzia "dawa ya kuzuia chembe nyeupe kunata", iwe ya kizungu au ya mitishamba, kumbuka kwamba hata waliokuwa na maabara bora duniani wamejaribu na kurudi mikono mitupu.

Kuna inayofanya kazi, tena ni ya kumeza na imezoeleka: haidroksiyurea. Sifa yake kubwa ni kuirudisha himoglobini ya uchangani, ambayo huzuia zile nyuzi ngumu zisijengeke. Lakini pia inapunguza chembe nyeupe, hasa neutrofili. Katika panya wa selimundu, chini ya hadubini, kunata kulipungua muda mfupi baada ya kupewa dawa hii pamoja na dawa nyingine ya kuisaidia, kabla hiyo himoglobini haijapata nafasi ya kupanda. Na ushahidi wake haukuishia kwa panya wala ng'ambo. Watoto zaidi ya 600 wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu, kuongezewa damu kwa theluthi mbili, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Mimi nimesoma mengi yanayoahidi, na machache yamenigusa kama namba hizo, kwa sababu ni watoto wa kwetu, wenye malaria ya kwetu na vyakula vya kwetu.

Ila si dawa ya kununua dirishani. Daktari anaanza na dozi ya kadiri ya uzito, kisha FBP inarudiwa mara kwa mara, maana dawa ikizidi neutrofili zinashuka mno na mtoto anabaki bila askari. Lengo ni kuzipunguza kwa kipimo, zisifutike. Barua yako haikusema kama binti anaitumia. Kama haitumii, hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza kliniki. Kama anaitumia na namba bado ni 18, basi yawezekana dozi haijapanda pamoja na uzito wake, au kuna siku vidonge vinasahaulika. Daktari anahitaji kujua bila wewe kuogopa kugombezwa.

Antibayotiki ulizonunua hazikuwa na la kufanya hapo, kwa sababu hapakuwa na mdudu wa kuua. Hazishushi chembe nyeupe za selimundu. Zinaweza kuwafundisha wadudu usugu, na siku anapopata maambukizi ya kweli zinaweza kuuficha ugonjwa kwenye kipimo cha kuotesha damu. Usijilaumu, uliambiwa na mtu uliyemwamini. Tafadhali usichanganye hizo na penisilini ya kinga, dawa ya kinga ya malaria au foliki asidi alizoandikiwa kliniki. Hizo zina sababu yake, na kama yupo anayepaswa kuzisimamisha ni daktari wake.

Umeuliza kama anaweza kutazamwa kwa hadubini ile. Hapana, na nisingependa afanyiwe: ni lazima mshipa ufunuliwe kwa upasuaji, na tungeusababisha mnato tunaoutafuta. Lakini kuna madirisha ambayo Mungu ameyaacha wazi. Moja ni jicho. Kwenye weupe wa jicho na nyuma yake kwenye retina, daktari wa macho anaona mishipa midogo ikiwa hai bila kukata chochote, na selimundu huacha alama zake huko. Jingine ni ubongo kwa njia ya mawimbi ya sauti. Kipimo cha dopla ya kichwa hakioni chembe moja moja, lakini kinapima kasi ya damu kwenye mishipa mikubwa ya ubongo, hapohapo, mtoto akiwa amelala macho wazi anakuangalia. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ya kiharusi ni kubwa na zipo njia za kuizuia kabla hakijatokea. Hupendekezwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kinapatikana Muhimbili na katika baadhi ya hospitali nyingine kubwa. Kliniki yako itakuelekeza iliyo karibu. Ukitaka kuona ndani ya mwanao kukoje, mama, nguvu na nauli yako iweke hapo. Kitakachosomwa kwenye skrini kinaweza kubadilisha tiba yake siku hiyohiyo.

Na sasa yale ya kwenda bila kusubiri. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, hata kama anacheka: bandama yake haimlindi dhidi ya wadudu fulani wanaoweza kumwangusha mtoto kwa saa chache. Hospitali watapima malaria, wataotesha damu na kumchoma sindano ya antibayotiki bila kusubiri majibu. Angalia tofauti yake na zile ulizonunua: hapa kuna homa, kuna vipimo, na kuna mtu wa kumwangalia. Nenda pia akiumwa kifua au kupumua kwa shida, akilegea mkono au mguu, mdomo ukienda upande, akishindwa kusema vizuri au akipata degedege, akipauka ghafla, tumbo likijaa upande wa kushoto, au maumivu yakikataa kutulia kwa dawa mlizopewa. Nunua kipimajoto kama hamna. Mkono wa mama unajua mengi, lakini hauwezi kutofautisha 38 na 38.5.

Siku ya kliniki, chukua FBP zote ulizo nazo, hata zilizokunjamana, uzipange kwa tarehe. Pembeni ya kila moja andika kama siku hiyo alikuwa mzima, ana homa, ana maumivu, au alilia sana. Kisha mwombe daktari mambo matatu: damu itazamwe kwenye kioo ili chembe changa zisihesabiwe kama nyeupe, mzungumze kuhusu haidroksiyurea na dozi yake, na aandike rufaa ya dopla kama hajawahi kupimwa. Na huyo mdogo wako mwende naye, akusaidie kuandika majibu.